Miaka mitano NGO, mwezi wa kumi kampuni: mapitio yangu ya mshahara na marupurupu ya pande zote mbili

Wakuu habari za leo. Naona watu wanaandika mapitio ya simu, ya majiko ya gesi, ya lodge waliyolala wakiwa safarini, lakini ajira ambayo ndiyo inalipia vyote hivyo hatuiandikii, tunaishia kuambiana kwenye daladala "kule wanalipa vizuri" na hapo mazungumzo yameisha. Wadogo zangu wawili wamemaliza chuo, na wote wawili wameniuliza swali lilelile, kaka niombe NGO au niombe kampuni, nikajikuta namjibu kila mmoja nusu nusu. Sasa naandika yote hapa, na namba zangu halisi, kwa sababu bila namba haya mambo hayaeleweki.

Mimi ni mtu wa data, kwenye NGO tunaitwa maafisa ufuatiliaji na tathmini. Kuanzia Oktoba 2019 mpaka Machi 2025 nilikuwa kwenye shirika la kimataifa la afya hapa kanda ya ziwa, mradi wa VVU uliokuwa unalipwa na Wamarekani. Tangu Juni 2025 niko kwenye kampuni ya usambazaji bidhaa hapahapa Mwanza, nakaa stoo na ofisini, nasimamia takwimu za mauzo na mzigo. Majina ya waajiri siweki na msiniulize inbox, ninachotaka kukieleza ni mfumo, maana nimeongea na wenzangu wa mashirika mengine na makampuni mengine na habari zinafanana sana.

Tuanze na mshahara. NGO nilikuwa napokea 2,400,000 kabla ya makato na yote ilikuwa besiki, yaani mshahara wa msingi, hakuna posho ya nyumba wala ya nauli. Kampuni napokea 1,600,000, besiki ni 1,100,000, nyumba 300,000, nauli 200,000. Ukiangalia hivyo unasema huyu kaanguka, laki nane zimepotea kila mwezi, na mimi mwenyewe nilivyoona barua ya ajira ya kampuni nililala vibaya siku mbili. Lakini subirini tupige hesabu mpaka mwisho, maana laki nane ya kwenye karatasi siyo laki nane ya mkononi.

Kule NGO, asilimia 10 yangu ya NSSF, mfuko wa pensheni, ilikuwa 240,000. Inabaki 2,160,000 ndiyo inakatwa kodi, na kodi yetu ya mshahara inapanda kwa ngazi, 270,000 ya kwanza haiguswi, halafu 8, halafu 20, halafu 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30, kwa hiyo kodi yangu ilikuwa 476,000. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa chuo inachukua asilimia 15 ya besiki, na kwa kuwa mshahara wangu wote ulikuwa besiki nikawa nalipa 360,000. Bima shirika lililipa lote. Kilichokuwa kinaingia benki ni 1,324,000.

Kampuni: NSSF 160,000, kodi 260,000, bodi ya mikopo asilimia 15 ya ile 1,100,000 ni 165,000, bima ya NHIF asilimia 3 ya besiki ni 33,000 na wao wanaongeza 3 nyingine. Kinachoingia benki ni 982,000. Kwa hiyo tofauti ya laki nane mkononi ni 342,000, na kwenye kile kilichoyeyuka katikati kuna 195,000 ambayo ni deni la mkopo wa chuo lililokuwa linaisha haraka zaidi kule, hela yangu mwenyewe hiyo ilikuwa inanipunguzia mzigo, haikupotea. Mimi hii hesabu sikuifanya mpaka nilipokuwa tayari nimeshaanza kazi, na ningeifanya mapema ningelala usingizi.

Ila msikimbilie kusema basi ni sawa tu, maana kuna upande ambao NGO inaizidi kampuni na hauonekani mwisho wa mwezi, unauona ukizeeka. Mfuko wa NSSF unapokea asilimia 20, kumi yangu na kumi ya mwajiri. Kule ilikuwa 480,000 kila mwezi, huku ni 320,000. Kwa miaka mitano kamili ya kule, yaani miezi 60, zimeingia 28,800,000, na ningekuwa nimekaa muda huohuo kwa mshahara wa huku zingeingia 19,200,000. Karibu milioni kumi hiyo. Kwa hiyo wanaosema NGO wanalipa vizuri hawajasema uongo, wanalipa vizuri kweli, na wanalipa kwa uwazi, michango haicheleweshwi hata siku moja maana wakaguzi wa mfadhili wakikuta mchango wa NSSF haujapelekwa ni kesi kubwa. Hapo nawapa nyota tano bila kusita. Nina rafiki yuko kampuni nyingine ya mjini, alienda kuangalia michango yake akakuta miezi saba haipo, na kwenye hati ya mshahara inaonyesha wamekata. Nyie mlio makampuni madogo nawaomba angalieni taarifa zenu kila baada ya miezi michache, msisubiri siku ya kuachishwa.

Kiinua mgongo. NGO yetu ilikuwa inatoa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, unalipwa Septemba, kwa sababu mwaka wa fedha wa Marekani unaanza Oktoba unaishia Septemba na mikataba yetu yote ilifuata kalenda hiyo. 2,400,000 ukitoa kodi asilimia 30 inabaki 1,680,000. Ile hela ndiyo imenunua kiwanja changu Buswelu, ndiyo imelipa ada za wadogo zangu hawahawa wanaoniuliza leo. Kampuni haina kiinua mgongo cha kila mwaka, ina bonasi, na bonasi inategemea kampuni imefunga mwaka vipi. Februari hii nimepata yangu ya kwanza, kama laki sita na arobaini kabla ya kodi kwa sababu nilikuwa nimefanya miezi saba tu, wenzangu wa mwaka mzima walipata mwezi mmoja wa besiki. Wazee wa pale wananiambia kuna miaka ilitoka ya miezi miwili na kuna miaka haikutoka kabisa. Kwa hiyo kiinua mgongo cha NGO kiliandikwa kwenye mkataba na niliweza kukipangia, bonasi hupangi nayo kitu, ikija unashukuru.

Sasa nifike kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo nilipoumia.

Septemba ile ya kulipwa kiinua mgongo ndiyo hiyohiyo Septemba ya kuomba Mungu. Mkataba wa mwaka mmoja, sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu mikataba ya muda maalum kwa wataalamu na mameneja, na mashirika yanaitumia hiyo ruhusa mpaka mwisho. Kuanzia Agosti ofisi inabadilika, watu hawacheki, kila mkuu wa idara akiitwa kwenye kikao cha bajeti wengine tunaangaliana, tarehe 30 Septemba saa kumi jioni HR anakutumia karatasi ya kusaini, wengine hawatumiwi. Nimeipitia hiyo mara tano. Mwaka mmoja mwenzangu niliyekaa naye meza moja tangu siku ya kwanza hakutumiwa, alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa rambo tukamsindikiza mpaka getini, na Jumatatu tukaendelea na kazi zake juu ya zetu.

Halafu kuna kitu cha taimshiti, ile karatasi ya kujaza muda wako umeufanyia mradi gani, walio NGO wananielewa. Mshahara wako hautoki kwenye shirika, unatoka kwenye mradi, na unaweza kuwa umegawanywa, asilimia 60 unalipwa na mradi huu na 40 na mradi ule. Mradi mmoja ukifa unabaki mtu wa asilimia 60, ama watafute pa kukubandika ama mshahara unapungua ama unaondoka, utendaji wako hauhusiki hata kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa asilimia 100 ya mradi mmoja na nilijiona niko salama kuliko wenzangu. Kumbe ndiyo nilikuwa nimetundikwa kwenye tawi moja.

Tarehe 20 Januari 2025 Trump ameapishwa, siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 eti ipitiwe upya. Wiki iliyofuata barua za kusimamisha kazi zimefika kwa mashirika, kwetu mkurugenzi akatuita wote ukumbini akasoma barua, neno kwa neno, akasema tuache kazi sasa hivi, magari yasitoke, hata waliokuwa fildi Ukerewe wageuze. Kwa wiki kadhaa hatukujua tuko likizo au tumefukuzwa. Februari tukalipwa nusu. Machi 10 yule waziri wao wa mambo ya nje, Rubio, akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na barua yangu ya kuachishwa ikaja wiki hiyohiyo. Julai 1 USAID yenyewe ikafungwa. Mambo ya PEPFAR, mpango wa Wamarekani wa VVU, ambayo yamekuwepo tangu 2003, dawa za watu, vipimo vya watoto, watu wameyajenga miaka ishirini na zaidi, sisi tulioshika data tulikuwa tunajua kila namba ile ni mtu anayekuja kliniki.

Nimejiuliza sana kwa nini shirika kubwa vile, lenye ofisi nzuri na magari yenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, yamepangwa uani, halikuweza kutulipa hata miezi mitatu. Jibu ni kwamba hela ya mradi siyo hela ya shirika. Kila shilingi ina mstari wake kwenye bajeti, hii ya mafuta, hii ya mafunzo, hii ya mshahara wa fulani, usipoitumia inarudi kwa mwenyewe, huwezi kuiweka pembeni kama akiba ya siku mbaya. Hela ya kuendesha shirika lenyewe wafadhili wanaibana sana, kwa Wamarekani shirika ambalo halijajadiliana nao kiwango chake liliruhusiwa kutoza asilimia 10 tu, ikapandishwa mpaka 15 Oktoba 2024, miezi michache kabla ya kila kitu kuzimwa. Kampuni inapata faida, inagawa, lakini inabakiza pia, kuna kitu benki. Shirika lisilo la faida linaruhusiwa kubakiza, sheria inakataza tu kugawana faida, lakini linabakiza nini sasa kama kila kilichoingia tayari kina jina la mtu? Nalisema hili kwa sababu watu wengi walituhurumia wakidhani viongozi wetu walikula hela, hapana, hela haikuwepo ya kukaa.

Kampuni yangu ya sasa mkataba ni wa kudumu, nilithibitishwa Desemba. Hiyo haimaanishi siwezi kuondolewa, nimeshajifunza, lakini wakitaka kupunguza watu kuna utaratibu wa sheria, wanatoa taarifa, wanakaa na wafanyakazi au chama chao, na kuna malipo ya kuachishwa ya siku saba za besiki kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka kumi. Na hapo muwe macho na ile besiki! Mtu mwenye mshahara wa 1,600,000 akipunguzwa analipwa kwa 1,100,000 yake, posho za nyumba na nauli hazihesabiwi. Waajiri wengi wanapanga mshahara hivyo wakijua. Mkiwa mnajadiliana ajira mpya ombeni besiki ipande kuliko posho, hata kama jumla inabaki ileile.

Na mkataba wa kudumu umenipa kitu ambacho milioni 2.4 haikuwahi kunipa, mkopo. Niliwahi kwenda benki nikiwa NGO, dada wa mikopo akaangalia mshahara akafurahi, akaangalia tarehe ya mwisho ya mkataba akaniambia kaka nakupa wa miezi saba, marejesho yaishe kabla ya mkataba kuisha. Mkopo wa miezi saba unajenga nini? Sasa hivi kwa mshahara mdogo huu nimepewa wa miezi 36, nyumba ya Buswelu iliyokaa msingi miaka mitatu imepauliwa mwezi uliopita. Nimesimama pale chini ya bati jipya nikamkumbuka yule dada.

Bima. Hapa nilitegemea kushuka na nimeshangaa. Kadi ya NGO ilikuwa ya kampuni binafsi, kadi ya nguvu kweli, unaingia hospitali yoyote ya maana, unapelekwa mpaka Dar, meno na macho yana kiwango chake, hulipi hata mia. Ilinibeba mimi, mke na watoto wetu wawili. Mama yangu haikumbeba. Mama yuko Magu, ana presha na sukari, na miaka yote mitano ile niliyokuwa nawekewa kadi ya dhahabu mfukoni nilikuwa namlipia mama kliniki na dawa kwa fedha taslimu, kuna miezi inafika laki moja na nusu. NHIF inachukua mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi, wako au wa mwenza. Kwa hiyo mama yangu ana kadi sasa, anaenda Bugando kliniki yake, anapata dawa, na mama mkwe naye nimemwingiza. Kwa 33,000 yangu. Najua NHIF ina matatizo yake, Machi 2024 hospitali binafsi ziligoma kupokea kadi kwa ajili ya bei mpya watu wakahangaika, na kuna dawa unaambiwa haimo. Lakini kwa mtoto wa kwanza wa Kisukuma mwenye wazazi nyuma yake, bima inayomwona mama ni bora kuliko bima inayolipia miwani yangu. HR wa mashirika mkisoma hapa, fikirieni wazazi, karibu kila mfanyakazi wenu ana mzazi anamlipia dawa kimyakimya.

Likizo kwa sheria ni siku 28 kwa mwaka pande zote. Kule nilizichukua zote, kuna sera, ukifika Septemba hujazimaliza bosi anakusumbua. Huku zipo kwenye karatasi lakini Novemba na Desemba ni msimu hakuna anayeondoka, Januari ni kuhesabu mzigo, ukiomba Juni unaambiwa subiri mwenzako arudi. Mke wangu alipojifungua wa pili nikiwa NGO nilipewa siku kumi wakati sheria inatoa siku tatu kwa baba, zile kumi nilizikaa nyumbani napika uji na kufua na sitazisahau. Huku ni tatu za sheria na meneja anazitoa kwa uso mgumu. Ugonjwa ni sawa, sheria inatoa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na sijaona upande wowote ukisumbua hapo. Kwa jinsi mtu anavyotendewa kama mtu, NGO wanashinda, na kampuni zikitaka zinaweza kuiga bila gharama kubwa.

Posho za safari sasa. Hili naliweka peke yake kwa sababu limeharibu maisha ya watu ninaowapenda. NGO kuna fildi, na fildi kuna perdiem, ukilala Geita usiku nne, Sengerema tatu, Kahama tano, mwezi unaisha umepata hela inayokaribia mshahara. Watu wanalala lodge ya elfu ishirini wanabakiza, wanajenga kwa hiyo, wanasomesha kwa hiyo, wanapandisha maisha mpaka yanakuwa sawa na mshahara jumlisha perdiem. Lakini perdiem haiingii NSSF, haiingii kwenye kiinua mgongo, benki haiitambui, ukiumwa miezi miwili haipo, ukipandishwa cheo ukakaa ofisini haipo. Siku mradi umefungwa wenzangu hawakuanguka kutoka 2,400,000, wameanguka kutoka milioni tatu na zaidi mpaka sifuri kwa wiki moja. Ndugu yangu ukiingia NGO ishi kwa mshahara tu, perdiem yote peleka kwenye kitu usichoweza kukitoa kirahisi.

Nilipoachishwa kilichonishika mkono ni fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwangu ilikuwa kama laki nane kwa mwezi. Kwa kuwa mshahara wa NGO ulikuwa wote rasmi na wote umechangiwa, theluthi yake ilikuwa na maana. Wengi hawalijui hili fao. Lazima uwe umeachishwa, ukiacha mwenyewe halikuhusu, na uwe na michango isiyopungua 18. Tunzeni barua zenu.

Lakini hii yote ninayoandika ni habari ya sisi wa ofisini, na nisingeitendea haki kazi ile kama nisingemtaja mama mmoja wa Sengerema, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nilikuwa nachukua daftari lake kila mwezi. Alikuwa anaendesha baiskeli kuwafuata wagonjwa walioacha dawa, anawajua kwa majina na nyumba, anajua nani kamficha mume, nani kahamia kisiwani. Namba zote nilizokuwa nazipanga kwenye kompyuta na kulipwa milioni mbili na laki nne zilitoka kwenye daftari la yule mama. Yeye alilipwa 60,000 kwa mwezi, inaitwa posho ya kujitolea, hakuna NSSF, hakuna bima, akigongwa na gari barabarani akiwa kazini mfuko wa fidia haumjui maana siyo mfanyakazi. Mradi ulipofungwa mimi nilipata barua, nusu mshahara, baadaye Juni nikalipwa kiinua mgongo cha ile miezi mitano ya mkataba wa mwisho, na fao la NSSF. Yeye hakupata hata barua. Nilimpigia mwenyewe kumwambia, akaniuliza mwanangu na hawa wagonjwa wangu nawaambiaje. Na ofisi ileile ilikuwa na wageni wanaolipiwa nyumba ya ziwani na ada za shule za watoto kwa dola.

Kampuni nayo ina watu wake wa namna hiyo, vibarua wa kupakia mizigo, wanalipwa kwa siku. Kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani wa asilimia 33.4 na nimeona kwa macho hati zao za malipo zimebadilika, siyo hela ya kushiba lakini imebadilika kwa sababu kuna sheria inayowataja. Mhudumu wa jamii wa NGO hakuna karatasi inayomtaja. Kwenye hilo tu naipa sekta yangu ya zamani nyota moja, na naiandika kwa uchungu maana nilipenda ile kazi kuliko ninavyopenda kuhesabu katoni.

Mashirika madogo ya wazawa sijayagusa sana kwa sababu nilikaa kwenye moja miezi minane tu baada ya chuo, nikalipwa 150,000 ya kujitolea pale hela ilipokuwepo. Ukisikia mtu anasema NGO wanalipa muulize NGO ipi, maana kwa msajili zote ni NGO, ile yenye ghorofa na ile yenye chumba kimoja nyuma ya duka.

Wiki iliyopita nimepigiwa simu. Shirika lingine, mfadhili mwingine wa Ulaya, nafasi yangu ileile, 2,600,000. Nilimuuliza yule dada wa HR mambo matatu: mkataba unaisha lini, nani ananilipa mwezi unaofuata, na wahudumu wa jamii wa mradi wamewekewa nini kwenye bajeti. La kwanza alijibu haraka, Desemba. La pili akasema andiko la mradi limeshapelekwa wanasubiri majibu. La tatu alikaa kimya kidogo akaniambia atauliza. Jumatatu natakiwa nimpe jibu, na Jumanne nampeleka mama kliniki Bugando kwa kadi ambayo nikisaini kule itabidi niirudishe.